Gorogoro

Umenikuta napima maharagwe, kijana,
ukanielekezea tableti kama kinyozi aonyeshaye kioo.
"Mama, swali la kwanza: je, duka kubwa la kisasa
lingefaa hapa Chavakali?"
Ngoja. Huyu ni mteja, wewe ni swali.
Mteja kwanza.

Haya.
Andika kwamba kile kiwanja tumekiona,
kimezungushiwa mabati ya buluu tangu Januari,
pale alipokuwa fundi Egesa na cherehani zake tatu.
Andika kwamba picha waliyobandika ni nzuri:
mwanamke anasukuma toroli, anaichekea kabeji.
Hapa hakuna anayeichekea kabeji.
Tunagombana na bei yake kwanza.

La pili: nanunua nini kwa wiki?
Nani alikudanganya kwamba watu hununua wiki?
Huku hununuliwa siku:
mafuta ya shilingi ishirini,
majani ya chai kijiko kimoja ndani ya gazeti la juzi,
nusu ya sabuni, iliyokatwa kwa uzi.
Waulize wenye duka kama wana uzi.

La tatu. La nne.
Ndiyo, nimewahi kuingia.
Kisumu, mwaka jana, nikimpeleka Mbone kliniki ya macho.
Nilivaa viatu vya kanisani.
Baridi ya mle ilinikaa kwenye meno.
Nikaona mrenda, mrenda wetu huu tunaochuma ukingoni mwa shamba,
umefungwa utepe, umetajiwa mahari kama bi harusi.
Nikazunguka. Nikazunguka.
Mlinzi akanifuata kwa adabu.
Nilinunua ndimu moja nisitoke mikono mitupu,
na binti wa kaunta akaniuliza
kama nina kadi ya kukusanya pointi.

Lakini usiandike kwamba nalipinga.
Mpwa wangu Kageha ana diploma ya uhasibu
na kutwa anahesabu kuku wa mama yake.
Duka lile lina choo chenye maji.
Na nyama yao haina nzi, tuseme ukweli.

Na tukiusema, tuumalize.
Sogea. Zima hiyo tableti.
Unaliona gorogoro hili? Lipapase chini.
Limebonyea. Halikuanguka.
Marehemu Vugutsa wangu alilipiga nyundo,
mara moja tu, mwaka wa njaa, mlango umefungwa,
na hatukuwahi kulizungumza.
Mizani yao yenye namba nyekundu haijui nyundo.
Itakupa gramu zako zote hadi punje ya mwisho.

Ila tazama mkono wangu nikishajaza:
konzi hii ya juu, nyongeza, hakuna aliyeniamuru.
Naiba kwa chini, nalipa kwa juu,
na miaka yote hii sijui kama hesabu hutoka sawa.
Mizani yao haiibi.
Haiongezi pia.
Na mtoto akija amefumbata kumi yenye jasho,
hajasalimia, macho yako mlangoni,
haitajua nyumbani kwao wamelalaje.

Swali la tisa umeliruka, nimekuona.
Lisome. Aa, kipato kwa mwezi.
Weka kistari. Weka unachotaka.
Mwezi bado haujaisha.

Unaondoka? Shika ndizi hizi,
umesimama juani tangu saa nne.
Thelathini tu.
Noti ya elfu? Chenji ya elfu
tutaitoa wapi soko zima hili?
Na simu imeisha chaji.
Si neno, utalipa ukirudi kutuambia tulijibu nini.
Nipe jina lako, la ubini pia, nikuandike
hapa, chini ya mwalimu mkuu,
juu ya chifu.